Barua zako nimezikuta kwenye taka

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu wa Lamu,

Ama baada ya salamu nyingi, huku sote wazima. Kusi imeshaanza kuvuma, na mvua za asubuhi hazitupi hata nafasi ya kuanika nguo. Natumai nanyi huko hamjambo, na mama miguu imempungua kuuma.

Nina jambo limenikaa rohoni tangu juzi usiku. Uliponipigia simu ukaniambia barua zako za mapishi watu hawazisomi na karibu utaziacha, niliona haya kukwambia kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimeona hata moja. Nilidhani umesahau kunitia kwenye orodha. Basi juzi, watoto wameshalala, nilifungua folda ya taka kwenye barua pepe yangu nikitafuta risiti ya mzigo. Nikazikuta nne, zimebanwa baina ya mtu anayeniahidi mamilioni ya bahati nasibu nisiyoicheza na mwengine anayeuza dawa za kupunguza unene. Za kabla ya hapo zimeshapotea, maana Gmail kitu kikishakaa siku 30 kwenye taka hufutwa. Nilizisoma zote nne usiku ule ule. Ile ya mkate wa kumimina niliirudia mara mbili. Shoga, usiache. Watu hawajazikataa barua zako, hazijawafikia.

Asubuhi yake nikaifungua mojawapo kwenye kompyuta ya dukani. Ukibonyeza vidoti vitatu pembeni ya barua utaona pa kufungulia barua asili, na juu kabisa kuna mistari michache inayosema barua imekaguliwa vipi. Hukaguliwa kwa vipimo vitatu vya kumjua mtumaji, majina yake SPF, DKIM na DMARC; nitakueleza kimoja kimoja. Yako ilisema SPF imepita, DKIM imepita, DMARC imeanguka. Hapo ndipo nilipojua.

Wewe unaandika kwa anwani yako ya Gmail, ile ya bure, lakini anayezituma ni ile kampuni ya kutuma majarida. Ni kama mtu kaja nyumbani na posa. Kitambulisho chake ni cha kweli, kavaa kanzu safi, lakini hana lolote la kuonyesha kwamba bwana anayemtaja ndiye aliyemtuma. Utamkaribisha ndani? Njia ya kupeleka barua pepe iliandikwa mwaka 1982, wakati wenye kuitumia walikuwa wachache na wakijuana, wala haikuweka mlinzi wa kuuliza kama jina la mtumaji ni lake kweli. Matapeli wakapita hapo hapo. SPF, DKIM na DMARC ziliongezwa baadaye kuuziba mlango huo.

Kwa hiyo la kwanza, nunua kikoa chako mwenyewe, jina lako la intaneti, hata kama ni .co.ke ya bei nafuu, na barua zitoke kwa jina hilo. Halafu ndani ya mipangilio ya kikoa, sehemu ya DNS, yaani daftari la wazi la habari za kikoa chako, utie maandishi matatu. SPF ni orodha ya wanaoruhusiwa kubeba barua zako. Ile kampuni ya kutuma itakupa maneno ya kuandika. DKIM ni muhuri: kila barua hugongwa alama kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuuhakiki unakaa wazi kwenye DNS kwa yeyote anayetaka kuangalia. DMARC ndiyo inayosema jina la mtumaji lilingane na angalau moja ya hayo mawili, na kama halilingani na lolote barua ifanywe nini. Anza na p=none, ambayo haizuii kitu ila inakuletea ripoti, ukaze baadaye ukishaona mambo yametulia.

Ujihadhari na kosa lililonipotezea mimi wiki mbili. Nilikuwa na mstari mmoja wa SPF wa barua za ofisi, na kijana aliyenitengenezea tovuti akaongeza wa pili kwa ajili ya jarida. Yote miwili ilianza na v=spf1, na kwa macho ilikuwa sawa. Kumbe kikoa kimoja kinatakiwa kuwa na mstari mmoja tu wa SPF; ikiwa miwili, wakaguzi wanahesabu ni kosa, yote miwili haifai. Niliiunganisha ikawa mmoja, ikapita siku ile ile.

Lakini shoga, hayo ya DNS ni kazi ya jioni moja. La orodha ndilo lililoniliza.

Unakumbuka ile Idd niliyoleta leso nyingi nikajigamba kwako kwamba safari hii nitauza mpaka Nairobi? Sikukwambia kilichotokea. Kuna mtu aliniuzia orodha ya anwani 2,400, akasema wote ni wanawake wapenda leso. Nikaichanganya na wateja wangu 300 nikatuma kwa mkupuo. Anwani nyingi zilikuwa zimekufa, barua zikarudi kama mvua. Waliozipata, wengi hawanijui, wakabonyeza kuripoti taka. Na kwenye orodha za kununua huwemo anwani za mtego, zisizo na mwenyewe, zilizowekwa makusudi kumnasa anayewaandikia watu asiowajua. Tena ni kinyume cha sheria: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu kutumia habari za mtu kibiashara bila ridhaa yake. Jina la duka langu likaharibika ndani ya wiki moja tu.

Wiki chache baadaye akaja bibi mmoja kutoka Likoni, mteja wangu tangu nilipofungua Biashara Street. Kavuka feri na jua lile. Akakaa, akanywa maji, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Idd hii ulinisahau." Nikamwambia nimemwandikia. Mjukuu wake akaichukua simu, akafungua taka, na barua zangu sita zilikuwa mle, moja ina picha ya leso ya jina alilokuwa akilitafuta mwaka mzima. Nilikuwa nimeshaimaliza kuuza. Sura yake siisahau. Yeye hakununua orodha wala hakuripoti mtu, na ndiye aliyeadhibiwa.

Nilifuta anwani zote za kununua usiku ule. Nikaanza upya na watu 60 waliokuwa wakizifungua barua zangu kweli, nikaongeza kidogo kidogo kila wiki. Ilichukua miezi minne kurudi mahali pangu. Wewe nawe, kikoa kikishakuwa tayari, usiwatumie wote 700 siku ya kwanza. Jina jipya linalotoa barua nyingi ghafla linatiliwa shaka. Na hao uliowaokota kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya binti yenu, watoe. Walikupa anwani kwa ajili ya harusi. Anayetaka mapishi ajiandikishe mwenyewe, kisha apate barua ya kuthibitisha, abonyeze. Watapungua, najua, lakini waliobaki watakuwa wako.

Jengine, pa kujiondolea umepaficha. Nilipatafuta nikapaona chini kabisa, maandishi madogo ya kijivu juu ya weupe. Nakuelewa, inauma mtu kuondoka. Ila asiyeona mlango wa kutokea atabonyeza kitufe cha taka, na hicho ndicho kinachokuua. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa watu wa Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC zote tatu, na barua za jarida ziwe na kujiondoa kwa mbofyo mmoja, mtu atolewe ndani ya siku mbili. Wanaoripoti taka wasifike 0.3%, yaani watatu kwa kila elfu, na wanashauri ubaki chini ya mmoja. Wewe hujafika huko kwa wingi, lakini ufuate hivyo hivyo. Kwa watu 700 wako, wawili tu wakikasirika umeshakaribia mpaka.

Na zile barua zako ni picha tupu! Umeandika mapishi kwa mkono mzuri, ukapiga picha, ukatuma picha. Ni nzuri mno kuitazama, ila kompyuta inayokagua mara nyingi haioni maneno, na mwenye bando dogo haimfungukii. Andika maneno kama maneno, picha iwe moja ya mkate wenyewe. Kichwa cha barua kiwe "Mkate wa kumimina wa mama", usipige kelele kwa herufi kubwa na alama za mshangao.

Zile nne zako nimeshazitoa kwenye taka, nikabonyeza kwamba si taka, na anwani yako nimeihifadhi. Waombe na wengine wafanye hivyo, wakujibu japo neno moja, kwa sababu kujibiwa kunaonyesha kwamba watu wanakutaka.

Jumamosi jioni nitakuwa nimefunga duka mapema. Nipigie, tukae pamoja tuyatie hayo maandishi ya DNS mstari kwa mstari, mpaka DMARC iseme imepita. Na uniambie: mchele umesema uroweke usiku kucha, lakini ute wa yai unautia kabla ya hamira kuumuka au baada? Wangu ulishuka katikati.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako wa Kibokoni