Malalamiko kuhusu CD ya Mississippi John Hurt mliyoiuza kuwa ni rekodi zote za 1928

Tanga,
12 Machi 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CD YA REKODI ZA MWANZO ZA MISSISSIPPI JOHN HURT

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua kwenu, kwa shilingi 68,000, CD yenye nembo ya kampuni yenu. Jalada lake linasema kwamba ndani yake mna rekodi zote alizofanya Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, mwaka 1928. Risiti nimeiambatanisha. Nimeisikiliza mara tano, mbili kati ya hizo nikiwa na gitaa mapajani, na sasa nina hakika kwamba kilichomo sicho kilichoandikwa juu yake.

Nianze na wimbo wa 11, maana hapo ndipo nilipogutuka. Wimbo unapoisha, watu wanapiga makofi. Ni makofi ya ukumbi uliojaa, na mmoja wao anapiga mbinja. Mwaka 1928 ni nani hao waliomshangilia John Hurt? Februari mwaka huo kampuni ya santuri ya OKeh ilimrekodi mjini Memphis, kisha Desemba ikamwita New York. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba ndani ya jumba kubwa alimorekodiwa walikuwa watu watatu tu: yeye, bwana wa kampuni na fundi mitambo. Walimkalisha kitini, wakamsogezea maikrofoni mpaka mdomoni, wakamwambia asijitikise. Hayo makofi yenu ni ya miaka ya 1960, alipokuwa mzee wa miaka sabini na kitu.

Baada ya hapo nikakaa na kalamu. Nyimbo za 1928 zilizobaki ni 13. CD yenu ina 18. Kati ya hizo 18, nyimbo saba ni za uzeeni mwake. "Coffee Blues" na "Richland Woman Blues" hazimo kabisa katika kazi ya OKeh. Zile tano nyingine kweli aliziimba 1928, ila mlizoweka ni alizozirudia baada ya 1963, na hilo hamkulitaja popote. Sauti tu inatosha kutofautisha. Mwaka 1928 alikuwa na miaka kama 35, sauti laini, gitaa linakimbia kwa wepesi kama mtu anayejua njia gizani. Katika zile za uzeeni sauti imeshuka, mwendo umetulia, na maikrofoni ni ya kisasa zaidi. Zote nazipenda. Lakini aliyenunua sauti ya kijana amenunua sauti ya kijana, na mzee ana haki ya kuandikiwa tarehe yake.

Sasa hesabu inabaki 11 za kweli, yaani mbili hazipo. "Big Leg Blues" naweza kuielewa, kwa sababu haikutolewa sokoni wakati ule. Iliyoniuma ni "Avalon Blues".

Ndugu Meneja, huo ndio wimbo ambao kama si wenyewe, mzee huyu angezikwa bila dunia kujua kwamba alikuwa hai. Aliurekodi New York, akiimba kwamba kijiji cha Avalon, huko Mississippi, ni kwao na hakiondoki moyoni mwake. Santuri zake hazikuuza sana, msukosuko wa uchumi wa 1929 ukaja, naye akarudi Mississippi kulima na kuchunga ng'ombe wa watu. Mwaka 1952 Harry Smith aliweka nyimbo zake mbili katika mkusanyiko wake mkubwa wa nyimbo za wananchi wa Marekani, na waliomsikia humo wengi walidhani ni marehemu. Ndipo mwaka 1963 kijana aitwaye Tom Hoskins alipoyafuata maneno ya wimbo huo. Alikitafuta kijiji hicho kwenye ramani ya zamani, akaenda na kuuliza, akaonyeshwa nyumba. Mwaka huohuo Hurt alipanda jukwaani kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani. Alifariki Novemba 1966. Miaka mitatu ile ya kusikilizwa aliipata kwa sababu alitaja jina la kwao ndani ya wimbo wa dakika tatu.

Na kijitabu chenu, ukurasa wa tatu, kinasema kwamba baada ya 1928 "alipotea na hakusikika tena". Mmeandika hivyo katika CD ambayo ndani yake mzee huyo huyo anapigiwa makofi. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi na kila mara nasikia uchungu.

Upande wa sauti nitasema kidogo. Mikwaruzo siilalamikii. Santuri hizo zilichezwa kwa sindano za chuma kwenye nyumba za watu wa kawaida, na kukwaruzika ni haki yake. Ninacholalamikia ni kwamba katika kuondoa mikwaruzo mmeondoa na mlio wa nyuzi nyembamba, hata gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Tena kasi ya nyimbo hailingani. Wimbo mmoja uko juu kidogo, unaofuata umeshuka, na mtu anayetaka kulinganisha gitaa lake apige naye pamoja hawezi.

Hilo kwangu si dogo. Marehemu baba yangu alinifundisha gitaa kavu kwa mtindo wa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, yule aliyerekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kwa gumba na kidole cha shahada. Nilipomsikia Hurt mara ya kwanza sikumwona mgeni. Gumba lake linapokezana nyuzi za besi bila kusita, na vidole vya juu vinaimba wimbo mwingine peke yao. Nilitaka kujifunza kutoka kwenye zile rekodi alizopiga akiwa kijana, na ndiyo sababu nilisubiri miezi minne nikidunduliza hela hizo.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lililonivuta lilikuwa la Kiswahili, na lilisema wazi "rekodi zote za 1928".

Naomba mnirudishie shilingi 68,000 pamoja na gharama ya posta, nami nitawarudishia CD. Kama mnaandaa toleo jingine, nitakuwa tayari kulisubiri badala ya fedha, mradi "Avalon Blues" iwemo na kila wimbo uandikwe mji na mwaka uliporekodiwa. Zile za uzeeni mkitaka ziacheni, ila zitengeni na mziandikie miaka yake. Kijitabu kirekebishwe, ukurasa wa tatu hasa. Na nakala zilizobaki madukani zibandikwe karatasi ya masahihisho kabla hazijauzwa kwa mtu mwingine.

Orodha ya nyimbo zote 18, nilivyozitenganisha moja moja, iko nyuma ya barua hii. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21.

Wenu mteja,
Tanga