Mtoto akiumia msimtoe mzazi wake nje

Mhariri, naomba kanafasi niseme hili la watoto wanaoletwa emajensi wameumia. Mtoto anavuja damu, mama anaambiwa akasubiri nje kwenye benchi, halafu mtoto anabanwa na watu asiowajua ili ashonwe, jamani hapo hofu inazidi hata maumivu! Mwacheni akae mapajani kwa mzazi, aambiwe ukweli kwa kifupi, "itauma kidogo, ukitaka lia tu", apewe kitu cha kupuliza au hadithi wakati sindano inaingia. Ile ya kumdanganya haitauma ndo mbaya kabisa, kesho hamwamini daktari yeyote. Na mzazi naye anatetemeka, anajilaumu kimoyomoyo, nesi akimwambia tu kinachofuata anapata nguvu ya kumshika mwanae.

Tena wakiruhusiwa waambiwe kwamba mtoto anaweza kuota ndoto za kutisha, kukojoa kitandani au kung'ang'ania nguo ya mama, mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache ila ikipita mwezi 1 bado hivyohivyo arudishwe aonwe na mtaalamu wa saikolojia. Hospitali ziandike hilo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, pamoja na maelekezo ya dawa na kidonda.