Mhariri, jina la ukoo bila kijiji halimfikishi mtu kwao

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee majina ya ukoo, na naanzia mbali kidogo, Ireland, mtanivumilia, nafika nyumbani. Huku kwetu Ireland sio nchi ngeni. Mapadri wa shirika la Rosmini waliingia Tanga mwaka 1945 na wengi wao walikuwa Waairishi, alafu jimbo katoliki lilipoanzishwa 1958 askofu wake wa kwanza alikuwa Eugene Arthurs wa shirika hilohilo. Wazee wa hapa, waislamu kwa wakristo, wamesoma na kutibiwa kwa wale watu. Kwahiyo majina ya kule tumeyazoea masikioni, ila yametoka wapi na yameendaje kuenea dunia nzima hilo hatujawahi kuulizana, na mi nadhani lina la kutufundisha sisi watu wa Tanga kuliko watu wa mkoa mwingine wowote.

Chukua Murphy, maana ndo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote kule Ireland. Vijana wakisikia Murphy wanamfikiria Eddie Murphy wa kwenye mikanda, au sa hivi yule Cillian Murphy aliyechukua Oscar mwaka 2024, huyo ni mzaliwa wa Cork, na Cork kweli ndo ngome ya akina Murphy, pamoja na Wexford kusini mashariki. Mwaka 1890 msajili mmoja wa serikali, Robert Matheson, alichukua vitabu vya watoto waliozaliwa mwaka ule akapiga hesabu ya kila jina, akakadiria akina Murphy nchi nzima kama 62,600, Kelly 55,900, Sullivan 43,600, Walsh 41,700. Zaidi ya karne imepita na Murphy bado yuko juu.

Sasa watu wanadhani wote hao ni ukoo mmoja. Hapana. Zamani kule walikuwa wanaitana kama tunavyoitana sisi pwani, fulani mtoto wa fulani mjukuu wa fulani, na jina lilikuwa linabadilika kila kizazi. Ilipofika karne ya 10 hivi koo zikaanza kugandisha jina la babu mmoja maarufu likawa la wote, Mac ni mtoto wa na Ó ni mjukuu wa, na mojawapo ya majina ya kwanza kabisa kuandikwa hivo ni Ó Cléirigh, kwenye habari ya kifo cha mtawala mmoja mwaka 916. Murphy kwa kiairishi ni Ó Murchadha, sa hivi wanaandika Ó Murchú, wajukuu wa Murchadh, na Murchadh lilikuwa jina la kawaida la mwanaume, lina bahari na vita ndani yake. Kwa sababu lilikuwa la kawaida, akina Murchadh walikuwa wengi na kila mmoja akaacha wajukuu sehemu yake, Wexford peke yao, Cork peke yao, na kaskazini huko Tyrone na Armagh kulikuwa na Mac Murchadha ambao hata hiyo Ó hawakuwa nayo. Alafu waingereza walipotawala, karne ya 17 na 18, zile Ó na Mac zikaanguka, makarani wanaandika wanavyosikia, wote wakaishia Murphy. Baadaye mwishoni mwa karne ya 19 watu walipoanza kurudisha lugha yao akina O'Sullivan na O'Brien walirudisha Ó yao, akina Murphy wengi hawakurudisha mpaka leo.

Mambo ya hayo majina ni mazito yani. Kuna mfalme wa Leinster, upande wa mashariki wa Ireland, Diarmait Mac Murchada, alifukuzwa 1166 akaenda kutafuta msaada ng'ambo, 1169 wanormani, yani wale waliokuwa wanatawala Uingereza wakati ule, wakashuka pwani ya Wexford na ndo mlango wa kutawaliwa ukafunguka. Watoto wake wawili, mmoja ametoa ukoo wa Kavanagh na mwingine Kinsella, na hadi leo majina hayo yamejaa upande uleule. Na Walsh, namba nne kwenye hesabu ya Matheson, asili yake ni watu waliokuja na hao wanormani kutoka Wales, wenyeji wakawaita kwa kwao walikotoka na jina likabaki. Leo nani atamwambia mtu wa ukoo wa Walsh kwamba sio Mwairishi? Hilo nalisema kwa makusudi, mtaona mbele.

Kuhama sasa. Kabla hata ya njaa walikuwa wanahama, wengine baada ya kushindwa vita mwaka 1691 wakaenda kuwa askari Ufaransa na Hispania, wengine wa Wexford na Waterford wakaenda kuvua samaki Newfoundland kule Kanada na Murphy kule ni jina la kila mtaa. Mkombozi wa Chile anaitwa Bernardo O'Higgins, baba yake alitoka Ireland. Lakini pigo kubwa ni 1845, viazi vilishikwa na ugonjwa mfululizo, watu kama milioni moja wakafa na zaidi ya milioni nyingine wakapanda meli. Kabla ya njaa, hesabu ya 1841, kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na hadi leo kaskazini na kusini ukijumlisha hakijafika tena pale. Marekani kwenye sensa ya 2010 walikuta akina Murphy zaidi ya 300,000, yani karibu mara tano ya wale wa Matheson, na ndani yao wapo Wamarekani weusi wengi, maana kwenye utumwa mtu alibandikwa jina la bwana wake na utumwa ulipoisha 1865 wengi wakaendelea nalo au wakachagua jingine. Kwahiyo Murphy mmoja hajui kama kwao ni Cork au Wexford au Armagh, na mwingine asili yake ni Afrika kabisa huku kwetu.

Hapa ndo kwenye hoja yangu Mhariri. Jina peke yake halimfikishi mtu popote. Wajukuu wa waliopanda meli wakifungua makaratasi ya Marekani, cheti cha kifo cha babu kimeandikwa tu kazaliwa Ireland, basi. Ireland wapi? Hamna. Wakirudi kutafuta Ireland kwenyewe, hesabu za watu za karne ya 19 karibu zote hazipo, nyingine serikali yenyewe iliziharibu na nyingi ya zilizobaki zikaungua Juni 1922 kwenye jengo la kumbukumbu Dublin wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zimebaki za 1901 na 1911, zipo mtandaoni bure, na vitabu vya ubatizo vya parokia navyo vimewekwa mtandaoni 2015, ila kitabu cha parokia utakifungua kipi kama hujui parokia? Akina Murphy wamejaa kila parokia.

Waliofanikiwa ni wale ambao nyumbani walishika jina la kijiji. Rais Kennedy wa Marekani alipokwenda Ireland Juni 1963 alifika hadi Dunganstown, Wexford, pale pale alipoondokea baba wa babu yake, akanywa chai na ndugu zake waliobaki shambani. Miezi haijapita, Julai, ndo akampokea Mwalimu Nyerere Washington. Sio kwamba jina Kennedy lilimfikisha, akina Kennedy wametapakaa, kilichomfikisha ni kwamba Dunganstown haikudondoka njiani. Vilevile Argentina, mkoa wa Santa Fe, kuna mji kabisa unaitwa Murphy, kwa jina la John James Murphy aliyeondoka Wexford 1844 akawa mfugaji mkubwa kule, na kwa sababu barua zake zilitunzwa inajulikana mpaka parokia aliyotoka, Kilrane.

Sasa tuje Tanga. Mi ni mjukuu wa manamba. Babu alitoka upande wa Songea akaletwa kukata mkonge Muheza, na hicho "upande wa Songea" ndo kila kitu tulichobaki nacho. Mkonge uliletwa na mjerumani Hindorf mwaka 1893, mashamba yakapanuka Pangani, Muheza, Korogwe mpaka wenyeji hawatoshi, wakaanza kuchukua watu mbali, Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wamakonde, Warundi, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi kabisa ya kukusanya wafanyakazi inaitwa SILABU. Mtu akifika anapewa namba na kipande chake, yani kadi ya siku 30 za kazi, namba ndo inayomlipa, na wengi majina yao yaliandikwa karani alivyosikia au walijiita jina jipya palepale. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini hawa hawakuondoka, wameoa Wadigo, Wabondei, Wasambaa, wamezikwa hapahapa na wajukuu zao ndo sisi tuliojaa Ngamiani, Majengo, Maramba, Hale. Kama wale akina Walsh, sisi ni watu wa Tanga na hamna wa kutuambia vingine. Lakini kijiji cha babu hatukijui, na wanaokijua wanakufa.

Na sio manamba tu. Waangalieni Wazigua. Karne ya 19 kulitokea ukame na njaa Uzigua, watu wakachukuliwa kwa majahazi wakauzwa Somalia, wakaishi kando ya mto Juba vizazi na vizazi, na Kizigua chao hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipowaka 1991 wapo waliokimbilia Tanga wakijua kabisa ndo kwao, wakapokelewa Mkuyu kule Handeni, baadaye Chogo, na wakapewa uraia wa Tanzania, wengine wamechukuliwa Marekani. Hawa walivuka miaka zaidi ya 150 bila cheti wala kitabu, wameshikilia lugha na habari za walikotoka kwa mdomo. Mi nikiwaza hilo nashikwa na hofu, maana sisi ambao hatukuvuka hata bahari, miaka 80 hivi tu tumeshasahau.

Tatizo letu jingine ni majina yetu yenyewe yanavyokwenda. Juma Ali Hamisi akizaa, mtoto anakuwa Salum Juma Ali, Hamisi kashadondoka, kizazi kinachofuata Ali naye anadondoka. Wasambaa wana majina yao ya She na Wazigua ya Se, hao wana nafuu, ukoo unaonekana, ingawa nao siku hizi vijana wanaona la ukoo ni refu wanaliacha. Mdogo wangu alikwenda ofisi fulani kuandikisha mtoto, akataka jina la ukoo wa babu liingie, karani akamwambia nafasi ni tatu, mtoto, baba, babu, la ukoo achana nalo. Akaachana nalo. Hivo ndo ile Ó ilivyoanguka kule Ireland, kwa sehemu kubwa ilianguka kwenye madawati ya makarani, na watu wakaona ni sawa tu.

Ninachoomba Mhariri ni hivi. Kwanza gazeti lako litoe safu, hata nusu ukurasa kwa wiki, msomaji aandike jina la ukoo wake, kijiji, wilaya, na babu aliyehama alihama kwa ajili gani, mkonge, reli, bandari, biashara, ndoa, chochote. Msomaji wa Songea au Kasulu au Newala akisoma anaweza akasema huyo ni wetu. Nina uhakika ndugu wataonana kupitia gazeti. Pili familia zenyewe, kwenye daftari la nyumbani au ndani ya jalada la Kurani au Biblia, andikeni jina, kijiji, jina la jumbe au mlima au mto wa pale, maana majina ya vijiji yalibadilika wakati wa vijiji vya ujamaa 1974 na kuendelea, mto haukubadilika. Na msiandike tu upande wa baba, bibi zetu ndo wanaojua nani kazaliwa na nani, muulizeni bibi kwanza na mrekodi kwenye simu wakati sauti ipo. Tatu wale wenye vitabu, parokia za zamani za Gare na Kongei, misheni ya Magila ya waanglikana, ofisi za mashamba ya mkonge yaliyobaki, vitabu vyao vya ubatizo na ndoa na vya wafanyakazi wavipige picha, visiliwe na mchwa. Kwenye vitabu vya ndoa mara nyingi wameandika mtu katoka wapi, na kwa mjukuu wa manamba mstari huo mmoja ni mali. Na wanaoshika fomu za serikali waongeze nafasi ya ukoo na ya kijiji cha asili, iwe hiari, asiyetaka aache wazi.

Kuna watu wataogopa, watasema ukianza kuuliza mtu katoka wapi unaleta ukabila. Naielewa hofu hiyo na naiheshimu, Mwalimu alitujenga vizuri. Lakini swali ninalolitaka liulizwe ni la mjukuu kumuuliza babu yake, sio la karani kumbagua mtu kwenye kazi au shamba. Mimi kujua babu alitoka kijiji gani Songea hakunipunguzii Utanga wangu hata chembe, wala hakumpi mtu haki ya kuniambia nirudi.

Kama kuna msomaji wa Songea au Namtumbo ambaye kwao walisimuliwa kijana aliyechukuliwa na SILABU kwenda Tanga miaka ya 1940 asirudi, naomba aandike kwenye gazeti hili, nami nitajibu.

Mjukuu wa manamba,
Ngamiani, Tanga