Mto Tana ukifurika, nani anawajibika? Barua kwa Komora

Mombasa, mwanzo wa Februari

Ndugu yangu Komora,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho ndilo ninalolijibu leo: masika yanakaribia, mto ukipasua kingo tena, serikali inawajibika kwa lipi hasa, na mtu wa kijijini ataidaije bila wakili?

Watu wakishahamia kwenye turubai kando ya barabara, kinachokuja huitwa msaada, na aliyeuleta hushukuriwa kama mfadhili. Hapo ndipo deni linapofutwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeandika usimamizi wa maafa mara mbili: kwenye kazi za serikali ya kitaifa na kwenye kazi za kaunti. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya chakula, makazi na maji safi. Ubaya wa kazi kuwekwa mahali pawili ni kwamba kila upande humsukumia mwenzake. Kaunti husema mafuriko yameizidi nguvu, Nairobi husema kaunti ina fungu lake la dharura. Kwa hiyo barua yoyote mtakayoandika, iende Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, kwa gavana na kwa naibu kamishna wa kaunti, ambaye ni ofisa wa serikali ya kitaifa, siku hiyo hiyo, na kila nakala itaje wapi nakala nyingine imepelekwa. Mhuri wa kupokelewa na tarehe viwe kwenye nakala yenu. Bila mhuri, barua hiyo haikuandikwa.

Ukame una mwenyewe: Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ina sheria yake ya 2016, ina ofisi katika kaunti 23, Tana River ikiwemo, na hutoa taarifa za hali ya kila kaunti. Mafuriko hayakupata bahati hiyo. Mvua za 2024 zilipoua zaidi ya watu 200 nchini, Kenya haikuwa na sheria moja kamili ya maafa ya kusema nani atoe amri ya kuhama na nani alipe. Jirani zetu Tanzania walipitisha Sheria ya Usimamizi wa Maafa mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Sisemi sheria pekee inaokoa watu, lakini inakupa jina la mtu wa kumuuliza.

Sasa tuje kwenye mto wenyewe, maana hapa ndipo madai mengi huvunjika. Watu wa chini ya mto husema KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa ya Tana, wamefungua milango ya mabwawa. KenGen hujibu kwamba bwawa likijaa maji humwagika yenyewe. Mabishano hayo hayaishi, na hayawasaidii. Ulizeni jambo lenye nambari: Masinga lilikuwa na kimo gani siku ya kwanza ya mvua? Masinga ndilo ghala kubwa katika yale mabwawa matano, limekamilika 1981, na hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Likiwa limekaribia kujaa kabla ya masika, nafasi ya kuhifadhi gharika haipo, na kuliacha hivyo ni uamuzi wa watu: maji mengi bwawani ni umeme, na nafasi tupu ni usalama wenu. Uamuzi huo una rekodi ya kila siku, na rekodi hiyo inaweza kuombwa.

Lakini msiweke kesi yote mgongoni mwa mabwawa. Mutonga na Kathita, mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, huingia Tana chini ya Kiambere. Hakuna bwawa linaloishika. Mvua ikipiga Meru na Tharaka, Garissa inaweza kufurika hata kama Masinga halijamwaga tone, na zile laga, yaani mito ya msimu, za upande wa Kitui huongeza maji yake. Mkiandika kwamba mabwawa peke yake yamewazamisha, mtaalamu wa upande wa pili atatoa takwimu za Mutonga na madai yenu yote yataonekana ya uongo. Andikeni hivi: maji yalitoka sehemu mbili, na kwa zote mbili kulikuwa na muda wa kutuonya. Muda huo upo kweli. Mto unajipinda mno kati ya Garissa na delta, kwa hiyo kilele cha maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina kituo cha kupimia Garissa, kinachojulikana kwa nambari 4G01. Kipimo kikipanda pale, kuanzia Hola hadi Kipini kuna siku za kuokoa mbegu, mbuzi na vitambulisho. Kama taarifa ilikuwa ofisini Garissa na haikumfikia chifu wenu, hilo ndilo kosa la kuliandika, kwa tarehe na saa.

Onyo lenyewe linaweza kuharibiwa na watu wakubwa. Mwaka 2023 wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wameshatabiri El Niño. Mwezi Oktoba Rais akawaambia wananchi kwamba mvua haitafikia kiwango cha uharibifu kilichohofiwa. Novemba haikuisha kabla Tana River, Garissa na Mandera hazijafunikwa na maji. Nalitaja kwa sababu lina funzo la kazi: mkisikia tangazo la redioni, hifadhini pia utabiri ulioandikwa wa Idara ya Hali ya Hewa wa msimu huo, kurasa zote. Mkibishana baadaye kuhusu nani alijua nini, karatasi hiyo ndiyo shahidi.

Namna ya kuomba rekodi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unataka habari kwa nini, na kupeleka ombi hakuna ada, ila waweza kutozwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika asaidiwe na ofisa wa habari wa ofisi hiyo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na jambo likigusa uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Wanaweza kujiongezea muda mara moja, usiozidi siku 14. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, na hapo mna siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, kuomba uamuzi uangaliwe upya. KenGen ni kampuni ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi, kwa hiyo isiwatishe kwamba ni ya watu binafsi. Ombi linaloshindwa ni lile la jumla, kama vile “tunataka habari zote za mafuriko.” Andikeni: kimo cha kila siku cha Masinga na Kiambere kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei, ilani zote zilizotumwa kwa kaunti, na orodha ya waliotumiwa.

Kuhusu pesa nitakukawiza kidogo, maana ndiko wananchi wanakoachwa mbali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura. Malipo yake kwa mwaka hayatakiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia yaliyokaguliwa, na baada ya kulipa, waziri wa fedha wa kaunti ana miezi 2 kutafuta idhini ya bunge la kaunti. Maana yake ni kwamba kila shilingi ya dharura ina karatasi iliyopita bungeni Hola. Ombeni karatasi hiyo kwa karani wa bunge. Ikiwa karatasi hiyo haipo, tayari mna hoja ya kumpelekea Mkaguzi Mkuu.

Ila hazina hiyo imewekewa mambo yasiyotarajiwa, na hapa ndipo ninapotaka msimame imara. Tana ilifurika 1961, ikafurika 1997, 2018, 2019, 2023 na 2024. Jambo linalorudi hivyo halistahili kuitwa la ghafla. Pesa zake zinatakiwa ziwe kwenye bajeti ya kawaida: boti, mafuta ya boti, turubai zilizowekwa Garsen na Hola kabla ya barabara kukatika, tuta, na makaravati mapana kwenye barabara zinazozuia maji kupita. Kalenda iko hivi: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Unaona masika yanaangukia wapi? Makadirio yanajadiliwa wakati watu wako ndani ya maji na hakuna anayehudhuria kikao. Kwa hiyo memoranda yenu, yaani maoni yenu ya maandishi kuhusu bajeti, iandikwe sasa, mwezi huu, ukurasa mmoja, ikitaja vitu na idadi. “Boresha maandalizi ya maafa” haiwezi kuwekewa bei. “Boti 2 za injini Garsen, mafuta ya siku 30, na turubai 600” inawezekana.

Daftari la hasara lianze kabla ya mvua. Kila kaya: jina la mwenye kaya kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, simu, idadi ya watu, ekari, mazao, mifugo, mtumbwi, pampu, choo. Piga picha ya nyumba ikiwa imesimama, mwenyewe akiwa mbele yake. Picha ya magofu peke yake haithibitishi kulikuwa na nini. Mafuriko yakija, ongeza tarehe, kimo cha maji ukutani, na hatua ya zao: mpunga uliozama ukiwa umechanua si hasara sawa na mbegu ya wiki moja. Nakala moja ikae kwa chifu, moja kwa mzee wa kijiji, moja nje ya kijiji kabisa.

Orodha huharibika kwa njia ninazozijua vizuri. Malipo hutumwa kwa simu, na laini ya mama mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwanawe, mfumo unakataa, na jina linafutwa. Hakikisheni sasa kwamba laini na kitambulisho vinalingana. Wapangaji husahaulika kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyeandikishwa. Wafugaji waliohamisha ng'ombe huambiwa si wakazi, kwa hiyo Waorma na Wawardei waandikwe kwenye daftari lile lile la Wapokomo wakulima, na wasomaji wawili kutoka pande zote waliweke saini. Orodha ya upande mmoja huzua ugomvi mkubwa kuliko mafuriko. Kisha isomwe yote barazani, kwa sauti.

Kambini, msikubali kuambiwa “tunafanya tunachoweza.” Mashirika ya misaada duniani hutumia viwango vya Sphere, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kiganja. Chukua kaya 300, watu 1,500. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 22,500: lori la lita 10,000 lije mara tatu. Mabomba 6, kwa kuwa bomba moja ni la watu 250. Vyoo 30 siku za mwanzo, choo kimoja kwa watu 50, kisha viongezwe hadi 75. Nafasi ya kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo kaya ya watano inahitaji 17.5. Turubai la mita 4 kwa 6 likitandazwa lina mraba 24, ila likishainamishwa pande mbili eneo linalofunikwa hupungua sana, ndiyo maana kaya hupewa mawili. Chakula, kwa kipimo kinachotumika sana cha gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharage na 25 za mafuta, ni magunia karibu 7 ya mahindi ya kilo 90 kila siku, na gunia 1 la maharage. Mkiletewa magunia 20 mkaambiwa ni ya mwezi, mtajua ni ya siku tatu, na mtaandika hivyo kwenye hati ya kupokelea kabla ya kutia saini.

Kuhamia miinuko ni jambo zito na sitalimaliza hapa. Moja tu: ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu, pamoja na fidia yake. Anzeni usajili kabla ya kukubali kuhama, mkihama mikono mitupu shamba la ukingoni mtalikosa na kiwanja cha juu kitakuwa cha kuombwa.

Umeniuliza pia kuhusu nchi zilizochafua hewa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni Julai 2025 kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, uliidhinishwa kuanza kazi Dubai mwaka 2023. Nafurahi kwa yote mawili, nami naamini deni lile ni la kweli. Ila fedha za aina hiyo hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi wa Tana hauko Geneva wala Nairobi. Ni lile daftari.

Nitumie rasimu ya memoranda kabla ya tarehe 20 ili tuisome pamoja na ifike Hola kabla waraka wa mkakati haujafungwa. Na ukimwona ofisa wa Mamlaka ya Maji Garissa, mwombe namba ya simu ya kupokelea vipimo vya 4G01, uibandike ukutani kwa chifu.

Wasalimie wazee na watoto.

Rafiki yako wa siku zote