Masika yawe msimu wetu wa kusoma na kuandika shajara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mawingu ya masika yaanze kutanda huku kwetu Muheza.

Kila Machi, watu wa Ulaya wanapoupokea msimu wa machipuo, vijana wetu huona kwenye simu orodha za vitabu ambavyo watu hao wamepanga kuvisoma, shajara mpya walizofungua na malengo waliyojiwekea, nao hutamani kuiga. Kutamani huko ni kwema, lakini sisi tuna masika. Malengo tunayoyatangaza mkesha wa mwaka mpya hufa mapema kwa sababu Januari ni mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule, ilhali Machi ndio wakati ambao mkulima huanza upya kwa vitendo: husafisha shamba, huchagua mbegu, huamua apande ekari ngapi.

Marehemu baba yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu 1974 hadi macho yalipomwishia nguvu aliandika kila masika katika kaunta buku lenye jalada gumu jeusi. Ninalo hapa mezani. Kurasa zake zimeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko wa penseli, wenye herufi kubwa zilizosimama wima, bado unasomeka: "Machi 19. Mvua usiku kucha. Kesho mahindi. Mwaka huu niezeke jiko." Kurasa sita mbele ameandika: "Jiko limeezekwa." Hakuliita shajara wala hakuyaita malengo, ila sijaona mpango ulio wazi kuliko huo: tarehe, hali ilivyo na jambo moja analokusudia, kisha anarudi kuandika kwamba limetimia.

Mwaka huu nimeamua kusoma kurasa 10 kila jioni. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei kuna siku 92, kwa hiyo ni kurasa 920, yaani vitabu vinne vya kurasa 230. Na hata umeme ukikatika, kama inavyotokea mara nyingi mvua kubwa zinaponyesha, tochi ya simu inatosha kwa kurasa 10. Kwa aliye mbali na maktaba ya mkoa iliyoko Tanga mjini, majirani wanne wakinunua kitabu kimoja kila mmoja na kubadilishana, kila mtu atakuwa amesoma vinne.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kona ndogo ya kila wiki hadi mwisho wa Mei, ambamo wasomaji wataeleza kwa sentensi mbili tatu wanachosoma na walipofikia. Matokeo ya mpira hupata kurasa nzima. Kona hii haihitaji hata robo yake. Ikianza, nitakutumia taarifa yangu kila Jumamosi, na nitaeleza pia kama nimeliezeka banda la kuku, kwani hilo ndilo nililoandika chini ya tarehe 1 Machi, katika kurasa tupu zilizobaki mwishoni mwa daftari la baba.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Muheza, Tanga