Barua kwa mwanangu: cheti cha dawa mbele ya mahakama

Kikuyu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Umenieleza kuwa, tangu usome habari za madaktari wa Marekani waliofungwa kwa kuwaandikia watu dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni kupita kiasi, unasita kuandika mofini, ambayo ni ya jamii hiyo, hata kwa mgonjwa wa saratani. Nakujibu kama mtu aliyeendesha mashtaka mpaka akastaafu.

Kule Marekani, tangu shauri la daktari aitwaye Moore la mwaka 1975, leseni ya udaktari haimkingi anayegeuza cheti cha dawa kuwa biashara. Hata hivyo, katika rufaa ya Dkt. Ruan wa Alabama, aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 21, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Juni 2022 kwamba haitoshi kuonyesha kuwa dawa ziliandikwa nje ya utaratibu wa kitabibu. Upande wa mashtaka sharti uthibitishe, pasipo kuacha shaka, kwamba daktari alijua au alikusudia kuvuka mipaka ya ruhusa yake. Kwangu hiyo ni haki, ingawa baadhi ya wenzangu wa zamani wangeguna, maana nia ya mtu ni kazi ngumu kuithibitisha.

Huthibitishwa kwa mwenendo. Dkt. Lisa Tseng wa California alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa mauaji ya wagonjwa watatu, na ushahidi mzito ulikuwa kwamba aliarifiwa kuhusu vifo vya wagonjwa wake, naye akaendelea kuandika vilevile. Mgonjwa asiyepimwa, faili lisilo na historia, dozi inayopanda bila sababu kuandikwa: hayo ndiyo ningeyatafuta mimi.

Kwa hiyo mpime mgonjwa, muulize kama amewahi kutumia heroini, kisha uandike kwa nini umechagua dozi hiyo na lini utamwona tena. Hofu nayo hujeruhi. Baada ya mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 kuhusu kuandika dawa hizo za maumivu, baadhi ya madaktari waliwakatia wagonjwa dawa ghafla, wakawaacha na maumivu na arosto, hata mwongozo wenyewe ukarekebishwa mwaka 2022. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 nayo usiisome kana kwamba ilitungwa kumwinda tabibu anayetibu.

Yule mzee wa Kondoa mwenye saratani ya mifupa, zungumza na daktari bingwa wako asubuhi, kisha umwandikie.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako