Kabla ya kununua tableti ya kwenda nayo nje, uliza akaunti ni ya nchi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi na kila nikimwona mtu anafunga begi kwenda kuishi nje linanirudia upya. Gazeti lenu mnaandika vizuri sana habari za tableti mpya, kioo inchi ngapi, kamera megapikseli ngapi, memori kiasi gani, na mimi nasoma zote siruki hata moja. Ila mtu anayekwenda kukaa nchi ya watu miaka miwili mitatu hayo siyo yatakayomsumbua, yatakayomsumbua ni mengine kabisa na kwenye boksi hayajaandikwa.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Safari yangu ya kwanza nilinunua tableti nzuri tu, nikapakua ramani ya mji mzima nikiwa bado nyumbani kwenye waifai, nikasema hapa sipotei. Nikafika usiku, laini yangu haishiki mtandao wa kule, nafungua ramani inafunguka vizuri, mitaa yote ipo na majina yake, lakini kile kidoti cha kukuonyesha wewe umesimama wapi hakipo. Natembea na begi hatua hamsini, mia, hakuna kinachosogea. Muuzaji alishaniambia kwamba ya waifai tupu na ya kuweka laini ni kitu kimoja, tofauti ni laini tu, nami nikachukua ya waifai kwa sababu ni nafuu. Kumbe kuna tableti za waifai tupu zisizo na GPS ndani, yaani kile kinachojua umesimama wapi. Hata iPad ndivyo zilivyo, ya waifai peke yake haina GPS, inayochukua laini ndiyo inayo, na ile GPS inafanya kazi hata kama hujaweka laini yoyote kwa sababu inapokea mawimbi ya setilaiti wala haihitaji mnara wa simu. Siku ile ningelijua hilo moja ningelala mapema.

Lakini ramani ni jambo la usiku mmoja, kesho yake unauliza watu unafika. Akaunti ndiyo inamtesa mtu miaka.

Watu wengi hawajui kwamba duka la vitabu au la programu lililomo kwenye kifaa chako lina nchi yake. Unapofungua akaunti linakuuliza unaishi wapi au linaangalia kadi yako ya benki ni ya wapi, basi kuanzia hapo unaona bidhaa za nchi hiyo. Na siyo ukorofi wa duka peke yake, wachapishaji wenyewe huuza haki za kitabu nchi kwa nchi, kwa hiyo kitabu kile kile kinaweza kuwepo kwa aliyefungulia akaunti hapa na kwa mwenzake wa kule kikawa hakipo kabisa. Sasa umehama. Programu ya benki ya nchi uliyofika, ya treni, ya bima, nyingi zimewekwa kwenye duka la nchi ile tu na wewe akaunti yako bado ni ya ulikotoka, unaitafuta huioni. Google Play wanakuruhusu kubadilisha nchi mara moja tu kwa mwaka na salio la nchi ya zamani hulitumii kwenye nchi mpya. Apple wao wanataka kwanza umalize salio lako lote, ufute malipo yako ya kila mwezi, halafu uweke njia ya kulipia ya nchi mpya, na mtu aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita hiyo kadi ya benki ya kule ataitoa wapi? Ndiyo maana nawaambia watu salio la dukani limalizeni kabla ya safari, na programu mnazojua mtazihitaji pakueni mapema.

Alafu kuna namba ya simu, na hapa naomba msomaji anisikilize sana. Mimi akaunti yangu ya vitabu niliifunga na namba ya nyumbani, yaani kila nikiingia kwenye kifaa kipya wananitumia tarakimu za siri kwenye namba ile. Nikakaa nje miezi mingi bila kuiongezea salio wala kuitumia, laini ikafungwa, namba ikaenda. Tableti ikaharibika, nikanunua nyingine, naingiza neno la siri sahihi kabisa, wananiambia tumekutumia tarakimu. Wamezituma kwenye namba isiyo yangu tena. Nilihangaika na ile kampuni wiki kwa wiki, barua pepe inajibiwa na mashine, na vitabu vyangu vya kujifunzia lugha nilivyovilipia vyote viko kule ndani nami niko nje ya mlango. Mtu akiniuliza cha kufanya kwanza kabla hata ya kwenda dukani namwambia nenda kwenye setingi za akaunti yako sasa hivi, weka programu inayotengeneza tarakimu za kuingilia kwenye simu yenyewe bila kungoja meseji, chapisha zile tarakimu za akiba za kuingilia kwenye karatasi, weka kwenye begi pamoja na pasipoti.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara, ninunue tableti au kile kifaa cha kusomea vitabu tu? Hicho cha pili nitakiita kisomeo kwa kifupi. Watu wanakidharau kwa sababu kioo chake kina rangi ya karatasi na kurasa zinageuka polepole. Lakini ukijua kinavyofanya kazi unakipenda. Kioo chake kinaitwa E Ink, yaani wino wa umeme, nacho kina vijifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi, umeme unazivuta juu au chini, zikishakaa zimekaa, kwa hiyo kinatumia umeme pale tu unapogeuza ukurasa au unapowasha taa yake. Ndiyo sababu chaji inakaa wiki kadhaa wakati tableti ukiitumia mfululizo kwa muda wa saa kumi hivi imekwisha. Juani tableti inageuka kioo cha kujitazamia, kisomeo kinasomeka kama gazeti. Kindle Paperwhite, kisomeo cha kampuni ya Amazon, ina gramu mia mbili na kidogo, iPad ya kawaida inakaribia mia tano, na kwa mtu anayepanda mabasi na treni begi mgongoni hiyo tofauti anaisikia. Na kwa anayejifunza lugha ya watu hakuna kinachokifikia, unagusa neno unabonyeza kidogo maana inatokea, hakuna meseji inaingia, hakuna video inakuita, mimi nilijifunza kusoma lugha ya kule nikiwa kwenye treni ya asubuhi na kisomeo changu, siyo darasani.

Udhaifu wake ni PDF. Fomu za uhamiaji, mikataba ya nyumba, vitabu vya chuo vilivyoskaniwa, vyote huja PDF ya karatasi ya A4 na kwenye kioo cha inchi sita herufi zinakuwa kama sisimizi. Kuna visomeo vya inchi kumi lakini bei yake inafika ya tableti. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye makaratasi mengi, au mzazi anayetaka kuwaona watoto wake kwa video kila jioni, huyo achukue tableti na asijilaumu. Asiyehitaji hayo na simu yake ni nzima, kisomeo kinamtosha na hela inayobaki ataifanyia kazi nyingine.

Kisomeo gani basi? Mimi nasema hivi, chukua kinachofungua EPUB chenyewe. EPUB ndiyo aina ya faili ambayo maduka mengi na maktaba nyingi duniani zinaitumia. Visomeo vya kampuni ya Kobo vinaifungua moja kwa moja. Kindle hazikuwa zinaipokea, tangu 2022 unaweza kuituma kupitia huduma yao ya Send to Kindle wanaigeuza, lakini hapo unahitaji intaneti na akaunti yao, ukiichomeka kwa waya haifunguki. Na kuazima vitabu vya maktaba kupitia OverDrive, huduma ambayo maktaba huitumia kuazimisha vitabu vya kielektroniki, kwenye Kindle kunawezekana kwa maktaba za Marekani tu, wakati Kobo nyingi zina OverDrive ndani na zinatumika nchi nyingi. Mtu anayehamia nchi yenye maktaba nzuri za umma asipojua hili anajinyima vitabu vya bure. Wenye mpango wa kwenda China wajue pia kwamba Amazon walifunga duka la Kindle la kule tarehe 30 Juni 2023. Sisemi Kindle ni mbaya, kioo chake ni kizuri na duka lake ni kubwa, nasema tu ujue mlango unafungukia wapi.

Kwa nini nasisitiza faili? Kwa sababu kitabu kilichoko kwenye duka la mtu siyo kitabu kilichoko kwenye kabati lako. Mwaka 2009 Amazon walivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, ilionekana aliyeviuza hakuwa na haki, watu wakarudishiwa hela na mkuu wa kampuni wakati ule Jeff Bezos akaomba radhi hadharani, lakini kijana mmoja wa shule maelezo yake aliyoyaandika kwa ajili ya masomo yalibaki hayana maana. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, vitabu vikaacha kufunguka, wakarudisha hela. Na Februari 2025 Amazon wakaondoa ile njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Aliyeko nyumbani anaweza kuazima kwa jirani, aliyeko ugenini hana jirani mwenye vitabu vya lugha yake. Kwa hiyo nunua faili zisizo na kufuli, yaani zisizozuiwa kunakiliwa au kufunguliwa kwenye kifaa kingine, kila unapoweza, pakua za bure kutoka Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya zamani, ambao wako kazini tangu 1971, zipange na programu ya Calibre ambayo ni ya bure, kisha weka nakala kwenye flashi.

Mambo ya chaji hayana ugumu. Chaja nyingi za siku hizi zimeandikwa 100–240V, zinakubali umeme wa Japani wa volti 100 na wa Ulaya wa 230, unachohitaji ni adapta ya pini tu. Chukua kifaa cha USB-C maana Umoja wa Ulaya umeshaifanya lazima kwa simu, tableti na visomeo vipya tangu 28 Desemba 2024 na waya mmoja unachaji vyote. Pawa benki iingie nayo ndani ya ndege kamwe usiiweke kwenye mzigo wa chini, na isizidi Wh (wati-saa) 100, ile iliyoandikwa mAh 20,000 ina kama Wh 74 kwa hiyo haina shida. Na wanaonunua vya mkono wa pili waangalie, zile Kindle za zamani zilizokuwa na intaneti ya 3G ya bure, mitandao mingi ya 3G imezimwa.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwenu ni mawili. Mkiandika tena kuhusu tableti ongezeni mistari mitatu tu, ina GPS au haina, akaunti yake inahamishika vipi nchi hadi nchi, na inafungua faili gani bila intaneti. La pili ni gazeti lenyewe. Toleo lenu la mtandaoni ni PDF ya kurasa kubwa, ni zito, kwenye kisomeo halisomeki na kwenye simu mpaka uvute huku na huku. Mkitoa na EPUB kila Jumamosi tuliozoea kusoma habari za nyumbani tukiwa kwenye treni za watu tutalilipia, mimi wa kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ughaibuni